Matone au sindano: kulinganisha chanjo mbili za polio

Mzazi anayempeleka mtoto kliniki akiwa na umri wa wiki 14, iwe Tanzania au Kenya, hushuhudia jambo linaloweza kumtatiza: mtoto yuleyule, siku ileile, hudondoshewa kinywani matone mawili ya chanjo ya polio, kisha huchomwa pajani sindano ya chanjo ya polio. Ni haki yake kuuliza kwa nini zitolewe mbili, na kama mojawapo ni bora, kwa nini mtoto asipewe hiyo peke yake. Swali hilo huwa zito zaidi kwa mzazi mwenye nafasi ya kuchagua, kwa mfano anayetumia hospitali ya binafsi yenye sindano moja inayokinga magonjwa sita kwa pamoja, au mwenye ndugu Ulaya anayemwambia kuwa huko matone yaliachwa zamani, au aliyesikia mtaani kwamba matone yenyewe ndiyo huleta polio. Katika maneno hayo ya mtaani kuna chembe ya ukweli iliyochanganyika na upotoshaji mkubwa, na sioni namna ya kumsaidia mzazi kuamua bila kuvitenganisha viwili hivyo kwa uwazi.

Kwa maoni yangu kosa liko katika kuzilinganisha chanjo hizi kana kwamba zinafanya kazi ileile na moja inaifanya vizuri kuliko nyingine. Zinakikabili kirusi kimoja mahali pawili tofauti mwilini, na ndiyo sababu ni lazima kwanza kukifuata kirusi chenyewe safari yake yote.

Kirusi hupita wapi

Kirusi cha polio kina upana wa takriban nanomita 30, na ndani ya ganda lake la protini mna uzi mmoja wa RNA, yaani maelekezo yake ya urithi, wenye herufi zipatazo 7,500 tu. Kiko cha aina tatu, na aliyepata kinga dhidi ya aina moja hawezi kuitegemea dhidi ya nyingine mbili. Hakina makao mengine ya kudumu ila mwili wa binadamu. Hutoka kwa kinyesi cha aliyeambukizwa na kuingia kinywani mwa mwingine kupitia maji, chakula au mikono isiyonawiwa, kisha huanza kuzaliana kooni, kwenye mafindofindo, na katika kuta za utumbo. Huingia ndani ya seli kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo CD155, iliyo juu ya seli zetu, na ndani ya saa chache seli iliyovamiwa hupasuka na kumwaga maelfu ya virusi vipya. Kutoka utumboni kirusi hufika kwenye tezi za kinga zilizo jirani, na kutoka huko huingia katika damu.

Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Takriban watu 7 kati ya kila 10 walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, na karibu robo ya wote hupata homa, maumivu ya koo au kutapika kwa siku chache, dalili ambazo hata daktari makini angezihesabu kuwa mafua au malaria. Lakini wote hao, wenye dalili na wasio nazo, wanaweza kuendelea kutoa virusi kwa kinyesi kwa wiki kadhaa. Katika takriban maambukizi 1 kati ya 200, kirusi huvuka kutoka kwenye damu hadi kwenye uti wa mgongo na kuziua seli za neva zinazoamuru misuli kukunja na kukunjua. Seli hizo zikishakufa hazioti tena. Mguu hulegea ghafla, mara nyingi mmoja zaidi ya mwingine, huku mtoto akiendelea kuhisi akiguswa na hata kulia kwa maumivu. Kati ya watoto 100 waliopooza, 5 hadi 10 hufa kwa sababu misuli ya kupumua imeacha kufanya kazi. Hakuna dawa inayomrudisha nyuma aliyekwisha kupooza. Yaliyopo ni mazoezi ya viungo, vyuma vya mguu, magongo na upasuaji wa kurekebisha.

Basi kirusi hiki kina vituo viwili: utumbo, ambako huzaliana na kutoka kwenda kwa jirani, na neva, ambako huleta ulemavu baada ya kusafiri katika damu. Sindano hulinda hasa kituo cha pili, ilhali matone hulinda vyote viwili na kufanya kazi ambayo sindano haiiwezi katika kile cha kwanza.

Sindano

Chanjo ya sindano ndiyo iliyotangulia kuidhinishwa. Jonas Salk, akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alikuza virusi vya aina zote tatu katika seli za figo za nyani kisha akaviua kwa kemikali iitwayo formaldehidi, hata kikabaki kiwiliwili cha kirusi ambacho mwili hukitambua ingawa hakiwezi tena kuzaliana. Mwaka 1954 chanjo hiyo ilijaribiwa kwa jaribio kubwa lililohusisha watoto wapatao milioni 1.8, na matokeo yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955. Wiki chache baadaye furaha hiyo ilitiwa doa: mafungu kadhaa ya chanjo kutoka kwa mtengenezaji mmoja yalikuwa na virusi ambavyo havikufa, na watu wapatao 200 wakapooza, 10 kati yao wakafariki. Nalitaja tukio hilo kwa sababu ndilo lililozaa ukaguzi mkali wa utengenezaji unaoifanya sindano ya leo iaminike. Kirusi kilichouawa sawasawa hakiwezi kwa namna yoyote kumpa mtu polio.

Dozi tatu za sindano hukinga dhidi ya kupooza kwa zaidi ya watu 99 kati ya 100, tena kwa aina zote tatu za kirusi. Kingamwili hujaa katika damu, na kirusi kinachojaribu kuvuka kuelekea uti wa mgongo hukamatwa njiani. Upungufu wake uko kwenye utumbo, maana mtu aliyechanjwa kwa sindano peke yake, akimeza kirusi, utumbo wake unaweza kukizalisha na kukitoa kwa kinyesi bila yeye kuhisi chochote. Sindano pia inahitaji mhudumu aliyefunzwa kuchoma, bei ya dozi yake ni mara kadhaa ya ile ya matone ingawa katika vituo vya serikali mzazi hatozwi, na huharibika ikigandishwa, hivyo ni lazima itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8 kuanzia bohari hadi zahanati. Kwa mtoto mwenyewe madhara yake ni madogo: maumivu pajani, pengine homa kidogo. Wachache wenye mzio mkali wa dawa za streptomaisini, neomaisini au polimiksini hawana budi kumweleza daktari kabla ya kuchomwa, kwa kuwa mabaki kidogo ya dawa hizo yanaweza kuwemo.

Matone

Matone hutumia kirusi hai kilichodhoofishwa. Albert Sabin alikikuza katika seli za nyani kizazi baada ya kizazi hadi akapata virusi vinavyozaliana vizuri utumboni lakini visivyo na nguvu ya kushambulia neva, na mwaka 1959 mamilioni ya watu katika Muungano wa Kisovieti walipewa chanjo yake, kazi iliyoongozwa huko na Mikhail Chumakov. Si watu wengi wanaojua kwamba eneo letu lilishapitiwa na chanjo ya kunywa kabla ya hapo: mwaka 1958, chini ya utawala wa Wabelgiji, zaidi ya watu 200,000 wa bonde la Ruzizi, kati ya Kongo na Ruanda-Urundi ya wakati ule, walipewa ndani ya wiki chache chanjo ya kunywa iliyotengenezwa na Hilary Koprowski. Sizungumzii hapa kama wenyeji waliulizwa ridhaa yao kwa namna ambayo leo tungeidai. Ninachotaka kionekane ni wepesi wa utoaji, ambao hadi sasa ndio nguvu ya matone. Hayahitaji mtaalamu wa kuchoma. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye jokofu dogo la mkononi huweza kupita nyumba kwa nyumba, sokoni, stendi ya mabasi au kwenye mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, na kichupa chenyewe kina alama ya mraba inayobadilika rangi ikiwa joto limekizidi, hata mzazi anaweza kuonyeshwa.

Faida kubwa zaidi iko utumboni. Kirusi kilichodhoofishwa hupita njia ileile ya kirusi kikali, na utumbo hujifunza kukizuia mlangoni, kwa hiyo mtoto aliyepewa matone akija kumeza kirusi kikali hukitoa kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, au hakitoi kabisa. Mnyororo wa maambukizi hukatika kwake. Isitoshe, kirusi dhaifu cha chanjo hutoka kwa kinyesi chake na huweza kuwapa kinga watoto wa jirani ambao hawakuletwa kliniki.

Upungufu wa kwanza wa matone ni kwamba katika nchi za joto zenye maji yasiyo salama hayashiki kwa urahisi kama yanavyoshika Ulaya. Utumbo wa mtoto wenye kuhara, wenye virusi vingine au ulioathiriwa na lishe duni hukipa kirusi cha chanjo nafasi finyu. Kaskazini mwa India walikuwako watoto waliohitaji dozi nyingi kupita zile za ratiba ya kawaida, na kampeni zilirudiwa tena na tena hadi kisa cha mwisho cha kirusi cha asili nchini humo, Januari 2011. Ndiyo maana mzazi wa kwetu asishangae kuona kadi ya kliniki ina nafasi ya matone wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na bado wahudumu wanakuja nyumbani wakati wa kampeni.

Upungufu wa pili ndio unaostahili kuelezwa bila kumumunya maneno. Kirusi hai, hata kikidhoofishwa, hubadilika kadiri kinavyozaliana. Kwa takriban dozi moja kati ya milioni 2.7, mtoto aliyepewa matone, au mtu wa karibu naye asiye na kinga, hupooza kutokana na kirusi cha chanjo. Jambo la pili, tofauti na hilo, hutokea katika jamii ambako watoto wengi hawakuchanjwa: kirusi cha chanjo hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, huku kikirudisha taratibu nguvu zake za asili, hadi kinaanza kupoozesha. Aina ya pili ndiyo iliyokuwa na tabia hiyo zaidi, kwa sababu udhaifu wa kirusi cha Sabin cha aina hiyo ulitegemea hasa mabadiliko mawili tu katika RNA yake. Kirusi cha asili cha aina ya pili kilishatoweka duniani, jambo lililothibitishwa mwaka 2015, na kati ya Aprili na Mei 2016 zaidi ya nchi 150 ziliondoa aina hiyo kwenye matone ya kawaida, yakabaki na aina ya kwanza na ya tatu.

Uamuzi ule ulikuwa na mantiki lakini ulilipiwa gharama kubwa. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kinga ya utumbo dhidi ya aina ya pili, na mahali ambapo uchanjaji ulikuwa haba kirusi cha chanjo kilichobaki kilipata uwanja mpana. Mwaka 2018 kilionekana katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi. Mwaka 2023 mtoto mkoani Rukwa alithibitishwa kupoozeshwa na kirusi cha namna hiyo, na mwezi Septemba mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe ikafanyiwa kampeni kwa matone mapya ya aina ya pili, ambayo RNA yake imerekebishwa makusudi ili isibadilike kwa urahisi. Matone hayo mapya yalianza kutumika Machi 2021 na ni imara zaidi kuliko yale ya zamani, ingawa hayawezi kusemwa kuwa hayana hatari kabisa: Machi 2023 ilitangazwa kuwa mtoto mmoja Burundi na sita mashariki mwa Kongo walikuwa wamepooza kutokana na virusi vilivyotokana nayo, katika maeneo ambako uchanjaji ulikuwa dhaifu. Anayesema kwamba matone huleta polio hana budi kuisema sentensi hiyo hadi mwisho: kirusi cha chanjo hugeuka hatari palipojaa watoto wasiochanjwa, na kuyakataa matone huongeza idadi ya watoto hao.

Zikikutana uso kwa uso

Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote ni wa Israel. Nchi hiyo iliacha matone mwaka 2005 na kutumia sindano peke yake, tena watoto wake walichanjwa kwa kiwango cha juu sana. Mwaka 2013 kirusi cha asili cha aina ya kwanza kiligunduliwa katika maji taka kusini mwa nchi, kikawa kimeenea kwa miezi mingi bila mtoto hata mmoja kupooza. Sindano ilifanya kazi yake kikamilifu, maana hakuna aliyelemaa, lakini haikukizuia kirusi kuzunguka kutoka utumbo hadi utumbo, na serikali ikalazimika kuwarudishia watoto matone ili kukikata. Kwa nchi yenye maji taka yaliyofunikwa na karibu kila mtoto kachanjwa, hali hiyo ilivumilika. Kwa mtaa wenye vyoo vya shimo vinavyofurika kila masika, na wenye watoto kadhaa ambao hawajawahi kuletwa kliniki, kirusi kinachozunguka kimyakimya hakichelewi kumfikia mmoja wao.

Hapa kwetu funzo la upande wa pili lilikuja mwishoni mwa 2021. Afrika ilikuwa imetangazwa Agosti 2020 kuwa haina kirusi cha asili, kisha mtoto mmoja akapooza Lilongwe, Malawi, kwa kirusi chenye nasaba ya Pakistan, na mwaka 2022 vikafuata visa nchini Msumbiji. Tanzania, ambayo kisa chake cha mwisho cha kirusi cha asili kilikuwa cha mwaka 1996, ilianza kampeni ya matone Machi 2022 katika mikoa inayopakana na Malawi. Hakuna aliyependekeza mlipuko huo uzimwe kwa sindano pekee, kwa kuwa sindano ingewalinda waliochomwa bila kuizuia njia ambayo kirusi kilikuwa kikiipita.

Uchague ipi

Kwa mtoto mwenye afya anayeishi Afrika Mashariki, ushauri wangu ni apewe zote mbili kama ratiba ya taifa inavyosema, na nausema bila kusitasita. Matone ya kliniki humpa kinga ya utumbo dhidi ya aina ya kwanza na ya tatu. Sindano hufunika pengo la aina ya pili upande wa neva na kuimarisha kinga ya zote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 sindano ziwe mbili, na mzazi akiona nafasi ya dozi ya pili kwenye kadi ya mtoto asiiruke. Iwapo hospitali ya binafsi inampa mtoto sindano ya magonjwa sita, ni chanjo nzuri na polio imo ndani yake, lakini mzazi aulize waziwazi kama matone pia yatatolewa, maana sindano hiyo haichukui nafasi yake utumboni. Aliyekwisha kupata sindano na baadaye akapewa matone yuko katika hali salama kuliko zote, kwa kuwa kingamwili zilizo katika damu yake hukizuia hata kirusi cha chanjo kisifike kwenye neva.

Pako mahali ambapo sindano pekee ndiyo chaguo sahihi. Mtoto aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, au anayetumia dawa kali za kushusha kinga, asipewe matone, na walio nyumbani mwake waulize daktari kabla ya kupewa, kwa sababu kirusi hai hutoka kwa kinyesi kwa wiki kadhaa na katika mwili usio na kinga huweza kukaa muda mrefu mno. Uingereza alipatikana mtu aliyekitoa kwa takriban miaka 28. Mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dalili hayumo katika katazo hilo, na wazazi wengi hukosea hapo kwa hofu.

Wanaoishi ughaibuni wana hesabu yao. Marekani hutumia sindano pekee tangu 2000 na Uingereza tangu 2004. Mtoto anayehamia Marekani kutoka Mombasa, Goma au Kigoma akiwa na dozi tatu au nne za matone kwenye kadi anaweza kuambiwa kwamba hazihesabiki, na maofisa wa huko hawako katika makosa: matone ya kawaida yaliyotolewa tangu Aprili 2016 hayana aina ya pili, kwa hiyo atahitaji sindano. Kadi ya kliniki isafiri naye, kwa sababu dozi za sindano zilizoandikwa humo huhesabiwa. Anayekwenda Hija au Umra aangalie mapema masharti ya Saudi Arabia ya mwaka husika, kwani wasafiri kutoka nchi zilizotajwa katika orodha yake hutakiwa kuonyesha cheti cha polio, na dozi hupaswa kutolewa angalau wiki 4 kabla ya safari.

Linabaki swali la mlangoni. Wahudumu wa kampeni wamebisha hodi, mtoto ana kadi iliyojaa, sindano amechomwa, matone yote amepata. Je, apewe tena? Apewe. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto mwenye afya, kinga ya utumbo hufifia baada ya muda, na matone ya kampeni yanaweza kuwa ya aina ya pili ambayo hakuwahi kuipata kwa njia ya kinywa. Mhudumu atampaka wino kwenye kidole kidogo na kuandika chaki ukutani, kisha atauliza kama kuna mtoto mwingine ndani, aliyelala au mgonjwa. Huyo naye aonyeshwe, na kama kuna aliye chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla, mhudumu aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu sampuli mbili za kinyesi zinazotambulisha kirusi zinatakiwa kuchukuliwa ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze.